Miaka ya Rido, na Kiti Nilichokitoa kwa Mama Veronika

Tangu niache kazi, Denise, fundi mwenzangu kwenye karakana ya ushonaji, ananitumia ujumbe kila juma: Mama Furaha, tuandikie kidogo mambo ya atelye, usiondoke na akili yote peke yako. Bon. Nimeketi, kalamu iko mkononi, ndizi za makemba ziko motoni. Mkiona mahali nimeruka, jueni nilikwenda kuzigeuza. Sitaandika habari za vyeo, maana kwetu sisi mafundi wa rido, yaani mapazia, na viti, vyeo ni viwili tu, aliyeshika mkasi na aliyeshika kitambaa. Nitawaandikia namna nilivyojifunza kuifanya nyumba ipumue, na namna siku moja, nikiwa fundi wa kusifiwa, nilivyoifanya nyumba imfukuze mwenyewe.

Siku ya kwanza nilifika kwa fundi aliyenifundisha, Tonton Likoke, mtaani Tshopo, nikiwa na mkasi mpya mfukoni na kiburi kingi kichwani. Tonton alikuwa mtu wa mto, ukoo wake wa Yanonge, na alisema wazi kwamba aliogopa maji, ndiyo maana akawaachia ndugu zake nyavu, yeye akashika sindano. Nilidhani atanipa mashine. Akanipeleka kwa mteja, mwalimu mmoja, akanionyesha viti vya salo, yaani sebule, akasema maneno mawili: "Ikala kwanza." Nikakaa. Nilikaa kwenye kila kiti, viti saba, mpaka jua likahama dirisha. Yeye pia alikaa, anakula karanga. Tulipotoka akaniuliza nimeona nini. Nikamjibu nimeona viti saba. Alicheka mpaka akakohoa.

Halafu akanihesabia. Kwenye kiti cha pili, saa nane jua linakupiga machoni, na mwalimu anasahihishia madaftari hapo hapo. Kwenye kiti cha tano unaona moja kwa moja choo cha jirani. Kwenye kile cha mlangoni watoto wa barabarani wanaona unakula nini. Mimi sikuona hata kimoja. Akaniambia rido haikatwi kwa kipimo cha dirisha, inakatwa kwa mtu anayekaa mbele ya dirisha, na ukienda na kipimo cha dirisha peke yake utakuwa umelivisha dirisha nguo na kumwacha mtu uchi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hiyo nilikuwa nimeisikia tangu utotoni, lakini sikujua kwamba ni sheria ya kazi.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Cherehani ya miguu iliyokuwa na tabia zake, siku za mvua ilikataa kushona mpaka uipake mafuta. Pasi ya makaa. Sindano iliyopinda kama ndoano, ya kushonea viti. Kamba ya kupimia yenye mafundo, kwa sababu Tonton hakuziamini futi za duka, alisema zinavutika kama maneno ya waongo. Na beseni. Msicheke. Kitambaa chochote cha pamba kinaoshwa na kuanikwa kabla ya kukatwa, maana maji ya kwetu yanakivuta kinapungua. Nilikaidi mara moja tu. Mteja alifua rido zangu, zikapanda mpaka magotini, dirisha likabaki kama mtu aliyevaa kaptula. Nilishona upya bila malipo, na Tonton hakunigombeza hata kidogo, jambo lililoniumiza zaidi.

Wakati ule mtu wa heshima alitaka velu, kile kitambaa kizito chenye manyoya mafupi. Velu nyekundu, velu ya kijani ya chupa, mikunjo juu ya mikunjo mpaka chini. Viti vikubwa vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma, maua ya plastiki, kabati la vyombo ambavyo hakuna aliyewahi kulia, kalenda za miaka minane ukutani kwa sababu picha bado ni nzuri. Na mabati ya manjanja juu yanawaka. Ukiingia salo ile saa sita mchana unatafuta mlango wa kutokea. Mvua ikija, nyuma ya velu ukungu mweusi unapanda ukutani, watoto wanakohoa, na familia inasema jirani amewaloga. Jirani wa watu. Ilikuwa velu.

Mteja mmoja, mama mfanyabiashara wa Kivu Kaskazini aliyeuza vitambaa kwa jumla, ndiye aliyeniletea gazeti la Kifaransa lenye picha za nyumba nyeupe, nyepesi, zimetulia. Juu waliandika kwamba ni mambo ya printemps. Nikamuuliza Tonton printemps ni nini. Akasema kwao miti inakufa kwa baridi, halafu inafufuka, basi watu wanafurahi na kubadilisha rido. Akatazama nje, kwenye miti yetu ambayo haijawahi kufa hata siku moja, akasema: donc sisi tutangoja Pasaka. Ndivyo ilivyoanza kazi yetu ya Kwaresima, ambayo ninyi mnaikuta leo mkidhani iliumbwa pamoja na mto.

Mnaijua, lakini niiandike. Kwanza toa. Usinunue kitu kabla hujatoa vitu. Kalenda zote isipokuwa ya mwaka huu, maua ya plastiki, nusu ya viti. Halafu osha, halafu chokaa, na chokaa usiiache nyeupe kabisa, itie rangi kidogo ifanane na unga wa muhogo, maana nyeupe tupu inaumiza macho na vumbi letu jekundu linaiaibisha kabla ya Jumapili. Rido za pamba nyepesi, ziishie vidole vinne juu ya sakafu, fagio lipite. Viti vya kekele, ile kamba ngumu ya msituni, upepo unapita ndani yake. Picha moja ukutani, siyo kumi na moja. Na salo ambayo mchana inaona bila taa itakusaidia sana, umeme tunaujua tabia yake ingawa bwawa la umeme liko hapo hapo tunalisikia. Nyumba nyingi za mji huu zimepita mikononi mwangu hivyo. Mtu akiingia akashusha mabega bila kujua kwa nini, mimi nilijua kwa nini.

Tonton Likoke alipokufa, nilikuwa nimekwisha kuwa mwenyewe wa atelye, na simu zilikuwa zimeingia. Simu ilituletea wateja wa mbali, watoto walioko Kinshasa na ng'ambo wanaotengeneza nyumba za wazazi wao kwa kidole. Wanatuma picha, unatuma picha, mnakubaliana. Nikaanza kufanya kazi haraka. Nikaacha kukaa. Hakuna aliyeniona nimeacha, maana sifa zilikuwa zinaongezeka.

Miaka michache kabla sijaacha kazi akanipigia mteja mmoja, Clarisse, yuko Kinshasa. Baba yake, Papa Lokwa, rubani wa mashua za mbao, alikuwa amefariki, na kilio kilikuwa kimekwisha kuondolewa, nguo nyeusi zimevuliwa, watu wamekula wamekwenda. Mama yake, Mama Veronika, alibaki peke yake kwenye nyumba yao karibu na mto Tshopo. Hafungui rido. Chakula anaonja tu. Clarisse hakuzunguka.

"Mama Furaha, nyumba ile iko inamumeza mama," aliniambia. "Ukiifanya nyepesi na yeye akatulia, atabakia. Kama hapana, Pasaka ninakuja kumuchukua, na nyumba tutauzisha."

Na Mama Veronika hakutaka Kinshasa. Kaburi la mume liko hapa, kwaya yake iko hapa, wanawake wanaomletea samaki kutoka Isangi wanamwita kwa jina. Alikuwa amemwambia binti yake kwamba Kinshasa ataifikia akiwa amelala ndani ya sanduku, na hata hapo atagonga ubao. Basi pimeni wenyewe uzito wa kazi niliyopewa. Mimi nikajibu kwa simu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufanya nyumba mia: asiwe na wasiwasi, Pasaka atamkuta mama yake anacheka.

Mama Veronika alikuwa amekwenda Yanonge kwa dada yake, majuma matatu. Nilipima madirisha ya nyumba yake nikiwa nimesimama. Clarisse alikuwa na agizo moja alilolirudia mara nyingi, kiti cha papa kitoke, kwa sababu kile kiti ndicho kilio chenyewe. Nilikubaliana naye bila kufikiri. Kilikuwa kiti kizito cha mbao za lifaki, kimefunikwa ngozi ya bandia iliyopasuka, mikono yake mipana imeng'aa kwa mafuta ya miaka. Kwa desturi, vitu vya marehemu vinakwenda kwa ndugu zake, na ndugu walikuwa wamechukua nguo, redio, hata viatu, ila kiti walikiacha kwa sababu hakikuingia ndani ya pirogi, mtumbwi wao. Mimi nikampa mwendesha toleka aliyetuletea chokaa kwa baiskeli yake. Alisema mama mkwe wake atakipenda. Alikifunga nyuma kwa mpira, akaondoka akiyumba. Mahali pake nikaweka mkeka.

Siku tisa tukamaliza. Denise anakumbuka. Ilikuwa nzuri, sitawadanganya kwa unyenyekevu. Mwanga uliingia laini, upepo wa mto unapita dirisha hadi dirisha, rido zinainuka kidogo zinashuka. Kiti kidogo cha Mama Veronika, cha chini, cha karibu na dirisha, nilikibakiza nikakivisha upya. Nilituma picha, Clarisse akalia kwa furaha kwenye simu, na mimi, Mungu anisamehe, nilizionyesha picha hizo kwa watu sokoni.

Mama Veronika alirudi majuma mawili kabla ya Pasaka. Nilikuwa ndani nikimngoja. Alifika mpaka kizingiti cha mlango wake, akasimama na kapu lake, akatazama. Halafu akasema, taratibu:

"Hodi."

Nilidhani ananitania. Nikacheka, nikamwambia karibu, mama, kwako hapa. Akaingia, akapita kando ya ukuta kama mgeni anayeogopa kuchafua, akagusa rido, akashukuru. Alikuwa mwanamke wa adabu. "Iko muzuri," alisema. "Nyumba iko muzuri." Nikaondoka kifua mbele.

Siku ya nne Denise alikwenda kuongeza ndoano za rido, akarudi ameshika kiuno. Mama Veronika haishi kwenye nyumba. Ameweka mkeka jikoni, kile kibanda cha nyuma, anakula huko, analala huko, na salo ameifunga ili isichafuke. Kumbe siku hiyo hiyo Clarisse alikuwa amempigia mama yake, akazisikia kuku za jikoni kwenye simu, akauliza, akajibiwa. Akanitumia ujumbe mfupi sana: asante kwa kazi, tiketi mbili zimekwisha kupatikana.

Nilikasirika. Niseme ukweli, sikumhurumia Mama Veronika kwanza, nilimkasirikia. Nilisema mbele yenu wote atelyeni kwamba kuna wazee ambao hata ukiwajengea mbingu watauliza jiko liko wapi. Kesho yake asubuhi nikaenda kumwambia mambo yake. Sikumkuta, alikuwa sokoni. Mlango wa salo haukuwa na kufuli. Nikaingia, nikasimama katikati ya uzuri wangu, na sijui ni harufu ya chokaa au ni nini, nikamkumbuka Tonton na karanga zake. Nikaona haya nikiwa peke yangu. Nikakaa.

Nilikaa kwenye kila kiti. Cha kwanza, mwanga mzuri. Cha pili, hakuna jirani, hakuna choo. Cha tatu, upepo. Nikaanza kujiondolea kosa. Mwisho nikakaa kwenye kile kiti cha chini cha Mama Veronika, karibu na dirisha, na hapo palikuwa pazuri kuliko pote, unaona barabara nawe huonekani. Basi, nikasema, kesi imekwisha, mimi sina kosa. Nikataka kuamka.

Sikuamka. Kiti kilikuwa chini mno, na magoti yangu hayakuwa tena ya siku ya viti saba. Mkono wangu wa kulia ulikwenda wenyewe pembeni kutafuta kitu cha kushika, ukakuta hewa. Nikajaribu tena, ukakwenda pale pale. Nikainama, nikavuta ule mkeka. Kwenye saruji palikuwa na alama nne zilizochimbika, miguu ya kiti cha Papa Lokwa, umbali wa mkono mmoja tu kutoka nilipokaa. Nilizifunika mwenyewe.

Mama Veronika alinikuta hivyo, nimekaa, mkeka umekunjwa, siwezi kuinuka. Akaweka kapu chini.

"Umeshindwa kuamuka?"

"Nimeshindwa, mama."

Akacheka. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia anacheka. Halafu akakaa kwenye kiti cha kekele mbele yangu, akajipapasa goti, akanieleza bila haraka. Goti lile lilimsumbua tangu zamani. Papa Lokwa alikaa pale pembeni, na kila mkewe akitaka kuinuka yeye anampa mkono. Papa alipougua, mikono yake ikakosa nguvu, basi mama akawa anashika kiti alichokalia mumewe. Papa alipokufa, mama akaendelea kushika kiti. Jikoni alikwenda kwa sababu jikoni kuna nguzo. Na Clarisse hakumwambia habari ya goti, kwa sababu angesikia goti angeleta tiketi tangu mwaka jana.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi.

"Ulipima madirisha," alisema. "Miye haukunipima."

Nilitoka pale nikamtafuta mwendesha toleka, nikamkuta kwake, na kiti kiko barazani, na mama mkwe yuko juu yake anachambua mboga, ametawala. Nilimweleza. Mama mkwe akasema kwamba mtu akishapewa kiti na Mungu hakirudishi kwa fundi wa rido. Nilibembeleza nikachoka. Mwishoni tulikubaliana viti viwili vipya vya kekele kwa kile kimoja, na mwendesha toleka akakirudisha kwa baiskeli ile ile, mama mkwe anamfuata nyuma mpaka kona akikisindikiza kwa matusi.

Safari hii niliuliza kabla ya kukata. Mama Veronika alichagua mwenyewe: mgongo na kalio pavishwe pamba nyepesi, rangi ya mchanga wa mto, ila mikono ya kiti nisiiguse, ibaki na ngozi yake ya zamani na kung'aa kwake. Nikakaza miguu, nikabadilisha pamba ya ndani, nikakirudisha kwenye alama zake nne. Mkeka nikaupeleka chumbani. Siku hiyo Mama Veronika akakunja na ule mwingine wa jikoni, akarudi kulala ndani.

Alhamisi Kuu Clarisse akatua uwanja wa ndege wa Bangboka na tiketi zake mbili za kurudia. Nilikuwa pale alipoingia, nilitaka kuwa pale. Alitazama salo, akalainika uso, halafu akakiona kiti. Akanigeukia mimi, siyo mama yake. Alisema alinilipa ili kitu kimoja kitoke, kimoja tu, nami nimekivisha nguo mpya kama bwana harusi. Nilifungua mdomo nijitetee. Sikuhitaji. Kwenye kiti cha chini Mama Veronika alipeleka mkono wa kulia pembeni, bila kutazama, ukafika pale ulipokuwa ukifika siku zote. Akainuka mara moja. Akavuka salo yake mwenyewe, akamkumbatia binti yake aliyekuwa bado amesimama na begi.

Clarisse akaliweka begi chini. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtoto, goti linauma tangu lini. Mama yake akasema tangu kabla ya kifo cha baba. Clarisse akaenda akakaa kwenye kile kiti cha chini, akajaribu kuinuka bila kushika kitu, akashindwa, akalia hapo hapo alipokaa. Baada ya Pasaka alirudi Kinshasa kwa tiketi moja. Ya pili ilibaki juu ya kabati, na Mama Veronika aliitumia kuwekea alama kwenye kitabu chake cha nyimbo.

Tangu hapo nilirudisha sheria ya Tonton, na mlinichukia kwayo. Mlinung'unika kwamba Mama Furaha anatupotezea asubuhi nzima tumekaa kwenye viti vya watu kama wageni wa kilio. Nung'unikeni. Salo nyepesi kila mtu anaweza kuifanya sasa, picha ziko kwenye simu, chokaa iko sokoni. Kujua kitu gani kizito kibaki ndiyo kazi, na hilo simu haikuambii. Denise, ukimwona kijana anapima dirisha amesimama, mvute shati.

Juma langu la mwisho la kazi nilipita kwa Mama Veronika kumuaga. Mlango ulikuwa wazi, rido zangu zilikuwa zimefuliwa mara nyingi na hazikupanda hata kidole. Nikasimama kwenye kizingiti.

"Hodi."

Akauliza ni nani, nikajibu ni Furaha wa rido. Akasema kutoka ndani:

"Ingia. Ikala kwanza."

Nikatafuta kiti cha kekele. Akatikisa kichwa, akanionyesha kiti cha Papa Lokwa, ambacho sikuwahi kumwona mtu akikikalia. Nikakataa. Akasema nikae, anataka kuamka. Nikakaa. Akashika mkono wa kiti, karibu na mkono wangu, akainuka, akaenda kututafutia samaki.